Mtoto Asiyemsumbua Mama Yake

Mtihani wa mwisho wa saikolojia ya ukuaji ulikuwa na swali la lazima: mtoto wa kawaida ni yupi? Nililijibu kwa kurasa tatu na mchoro, nikapata alama nzuri, na mpaka leo jibu lake silijui. Nimestaafu kwa hiari mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na mitano, na katika hafla ya kuniaga kijana mmoja wa ofisini aliniuliza swali hilo hilo huku ameshika soda. Nilimwomba aniletee kiti kwanza. Aliporudi nacho nilikuwa nimekwisha kubadilisha mazungumzo.

Ninyi mnaobaki Kasulu na Kibondo mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi. Miaka ya mwisho mliiona wenyewe, na mnaisimulia vizuri kuliko mimi, hata yale ambayo hayakutokea. Nitaandika basi juu ya miaka ambayo hamkuwapo, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nikiwa na umri wa kuwazaa wanafunzi wenzangu. Kazi yote niliyoifanya baadaye kama afisa ustawi wa jamii ilitoka huko, na sehemu kubwa yake ilitoka katika utafiti mmoja ulioharibika.

Nilizaliwa Kasanda, nikafundisha darasa la kwanza mjini Kasulu kwa miaka mingi. Mwalimu wa darasa la kwanza huona watoto wengi kuliko mkunga, na kila mwaka nilikuwa na mmoja au wawili ambao sikuwaelewa. Mmoja aliimba siku nzima lakini hakujibu swali hata moja. Mwingine aliandika kila herufi kinyume, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Chuo kimoja kilipofungua tawi mjini kwetu, katika vyumba vya kukodi nyuma ya duka la mbolea, nilijiandikisha kusoma saikolojia. Tulisoma wenyewe nyumbani, na mara chache katika muhula mhadhiri alikuja kutufundisha kwa wiki nzima.

Siku ya kwanza nilifika mapema, nikakuta ubao mchafu, nikaufuta kwa mazoea. Wanafunzi walipoingia wakasimama wote: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikaenda kukaa nyuma kabisa. Kijana niliyekaa karibu naye alinitazama kwa muda, kisha akaninong'oneza, "Mwalimu, wewe si ulinifundisha darasa la kwanza?" Alikuwa Gervas. Nilimkumbuka kwa sababu alikuwa akila chaki. Tangu siku ile tulisoma pamoja mpaka mwisho, na sikuwahi kuwaeleza wenzake habari ya chaki, ingawa kuna siku nilimtishia.

Mhadhiri wetu nitamwita Daktari Mwakyoma. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza, na chupa ya chai ya tangawizi ambayo hakumkaribisha mtu. Somo lake la kwanza kwetu lilikuwa matatizo ya akili na tabia. Alituonya mapema: "Kabla mwezi haujaisha mtakuwa mmeugua yote. Msiende hospitali. Someni sura inayofuata."

Tuliugua yote. Gervas alirudi mara mbili kuangalia kama amefunga kufuli la chumba chake, akaja darasani amekunja uso: ana wasiwasi wa kurudiarudia. Dada mmoja wa Heru Juu alijikuta na sonona kila Jumatatu. Mimi nilikuwa mzima, lakini nyumbani nilikuwa na mume. Filbert ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, na kwa mujibu wa kitabu uchache ule haukuwa bure. Nilimpima kwa jicho wakati wa chakula, sura baada ya sura. Mwishowe akaweka tonge chini.

"Mama Anita, leo naumwa nini?"

"Sijamaliza kusoma."

"Ukimaliza uniambie, nijue kama nitakwenda kazini."

Nawaambieni haya kwa sababu kila mwaka mnaletewa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kila mwaka mnashangaa kwamba wanawapima ninyi. Waacheni. Ugonjwa huo hupona kwa kukutana na mgonjwa wa kweli. Daktari Mwakyoma alitupeleka siku moja kukaa na kijana aliyekuwa akitibiwa, ambaye alitueleza kwa utulivu jinsi sauti zilivyokuwa zikimwamrisha asile. Asubuhi iliyofuata Gervas alifunga kufuli lake mara moja, akaondoka.

Mwaka wa pili ulikuwa wa saikolojia ya ukuaji, na hapo ndipo niliponyoosha mgongo, nikidhani nimefika nyumbani. Tulipewa vifaa: vipande vya mbao vya kupangwa kama mnara, mpira, kikombe, mwanasesere mwenye nywele za njano, na maswali mengi ya kumuuliza mzazi. Je, mtoto hupanda na kushuka ngazi bila kushikwa? Je, huvaa mwenyewe? Je, hutunga sentensi? Je, hucheza mchezo wa kuigiza? Kila jibu la ndiyo lilikuwa na alama, na jumla ya alama ililinganishwa na umri.

Mwaka wa tatu kila wanafunzi wawili walitakiwa kwenda mahali na kupima watoto ambao hawajaanza shule. Mimi na Gervas tulikwenda Kumsenga, kwa sababu baba yake mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kule na alikuwa na chumba cha wageni. Mzee huyo alitutangulia nyumba kwa nyumba, akitutambulisha kwa sauti kubwa: "Hawa wametoka chuo kikuu. Wanapima akili za watoto. Msiwafiche kitu." Sidhani kama kuna utafiti uliowahi kutanguliwa na maneno mabaya zaidi.

Ngazi hazikuwapo. Tuliazima zile tatu za kanisa, na watoto waliosikia habari wakaja kupanda na kushuka hata ambao hawakuwa na miadi. Mnara wa mbao ulikwenda vizuri mpaka bibi mmoja alipouliza kama vile vipande tunavihitaji sana, maana vingefaa kuwashia moto. Mwanasesere alifungwa mgongoni kwa kitenge na binti wa miaka minne, ambaye alianza kuchambua maharage huku akimbembeleza, na ikatuchukua nusu saa kumrudisha. Chini ya swali la mchezo wa kuigiza, mama wa binti huyo, aliyekuwa akitazama yote hayo, alijibu: "Huyu? Huyu hajui kucheza chochote."

Gervas aliandika: hapana.

Ndivyo ilivyokuwa kila nyumba. Tulisalimiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, tukapiga makofi ya heshima, tukauliza habari za mashamba na za wagonjwa, tukapewa viti. Kisha nilifungua karatasi na kuuliza, kwa mfano, kama mtoto aitwaye Yoramu anaweza kuvaa mwenyewe.

"Anaweza wapi, mwalimu. Huyu ni gogo tu."

"Anatunga sentensi?"

"Sentensi? Hata kinywa hana."

Tuliandika tulichoambiwa, kama kitabu kilivyotuelekeza: jibu la mzazi liandikwe bila kubadilishwa. Katika kitongoji kizima mama mmoja tu ndiye aliyejibu ndiyo kwa kila swali, bila kusita. Aliitwa Mama Tumaini. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi alipokuwa mchanga, akakulia kambini, na sasa alikuwa raia kama mimi, akilima kipande chake na kuuza karanga za kukaanga. Mume wake alikuwa mbali katika vibarua vya tumbaku. Mtoto wao, Tumaini, wa miaka sita, alikaa kwenye mkeka akitutazama midomo, pengo mahali pa jino la mbele, tulivu kama mtu mzima kanisani. Tulimwekea alama zote. Tukiwa njiani Gervas alisema, "Mwalimu, yule dogo ni kichwa. Tumpeleke mjini."

Ripoti tuliipeleka kwa Daktari Mwakyoma ikiwa na majedwali yaliyopigwa mistari kwa rangi mbili. Aliisoma yote mbele yetu, akinywa chai yake. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Mwalimu Skolastika."

"Abee, daktari."

"Kwa mujibu wa ripoti hii, watoto wote wa kitongoji wamechelewa kukua akili, isipokuwa mmoja."

"Ndivyo data zinavyoonyesha, daktari."

"Nani basi anachunga mbuzi?"

Gervas alikuwa akichunguza dari.

"Wewe ulizaliwa Kasanda," akaendelea. "Ulipofaulu darasa la saba, mama yako aliwaambia nini majirani?"

Nilikumbuka vizuri. Majirani walikuja kutupongeza, na mama, ambaye alikuwa ameamka kunipikia uji kila siku ya mtihani, aliwajibu akipepeta maharage: "Amebahatisha tu huyu." Kwetu mzazi hamsifu mtoto wake mbele ya mgeni. Ni adabu, na pia ni kinga: kisichosifiwa hakitazamwi vibaya. Nililijua hilo tangu utotoni kama nijuavyo njia ya kisimani, lakini nilipofungua ile karatasi ilikuwa kama mimi ndiye mgeni.

Daktari Mwakyoma aliturudishia ripoti. "Rudini. Msipeleke maswali haya."

"Tupeleke yapi?" Gervas aliuliza.

"Mimi ni mtu wa Mbeya," alisema, akafunga chupa ya chai.

Tulirudi Kumsenga mvua za mwanzo zikiwa zimeanza, hatuna maswali, hatuna mwanasesere, na Gervas ana homa ya aibu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Yoramu, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, ambaye wiki chache nyuma alikuwa ametuambia mwanawe ni gogo. Tulimkuta ameshika kigae cha chungu.

"Karibuni, mwalimu. Mnaona? Mnaona alichonifanya yule shetani?"

Kabla hatujaketi alikuwa ameanza. Yoramu alipanda juu ya kinu ili afikie asali iliyofichwa darini. Chungu kikaanguka. Alikusanya vigae akavifukia nyuma ya choo, akavaa shati la kanisani ili aonekane ametoka mbali, na alipoulizwa akasema mbuzi wa jirani aliingia ndani. Alipoambiwa mbuzi hapandi dari, akasema yule ana pembe ndefu. Kisha akamwambia bibi yake kwamba mama ndiye alaye asali usiku, ndiyo maana ananenepa.

Mama Yoramu alihesabu makosa hayo kwa vidole, na kwa kila kosa sauti yake ilipanda, na machoni mwake kulikuwa na fahari ambayo hata yeye hakuijua. Nilisikia kalamu. Gervas alikuwa ameinama juu ya goti lake anaandika haraka, na midomo yake inacheza: kupanda, ndiyo, kuvaa mwenyewe, ndiyo, na vifungo, sentensi, ndiyo, kupanga hatua, ndiyo. Kitabuni kulikuwa na sura nzima juu ya uongo wa watoto, kwamba mtoto akiweza kudanganya vizuri maana yake ameelewa kuwa mtu mwingine hajui anachokijua yeye. Yoramu, mtoto wa miaka mitano, alikuwa ameongeza pembe ndefu.

"Na huyo ndiye uliyesema hana kinywa?" nilimuuliza.

"Kinywa chenyewe ndicho hicho, mwalimu. Bora angekosa."

Hivyo tukaipata kazi yetu. Katika nyumba zote tulizozirudia nikauliza swali moja tu: mtoto huyu anakusumbua nini? Wazazi ambao hawakuweza kumsifu mtoto kwa neno moja walimlalamikia kwa saa nzima, na ndani ya malalamiko yale kulikuwa na ukuaji wote: miguu, mikono, lugha, hila, huruma, hesabu. Binti aliyembeba mwanasesere, tuliambiwa, alikuwa amemnyonyesha mtoto wa mbwa. Mwingine aligawa mahindi kwa ndugu zake na kujipunja kidogo, kisha akalia kwa sababu hakuna aliyegundua. Katika miaka iliyofuata nililitumia swali hilo mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako mama mmoja wa Kikongo alinijibu kwa Kiswahili chao kwamba mtoto wake "anamusumbua ku tête", yaani kichwani, na lilitumika Mtendeli pia mpaka kambi ilipofungwa. Lilifanya kazi kila mahali. Nawaachia ninyi.

Tulimwacha Mama Tumaini awe wa mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama. Kwake hatukutegemea jipya. Alikuwa akikaanga karanga uani, na Tumaini alikuwa kwenye mkeka ule ule.

"Anakusumbua nini huyu?" niliuliza, na nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Hanisumbui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwalimu. Si mtoto wa kusumbua. Nikimweka hapa nikienda gulioni, nikirudi namkuta hapa hapa."

Gervas aliinua kalamu akaacha kuandika. Nilimwomba Mama Tumaini anisimulie siku ya mtoto tangu asubuhi, na alijitahidi, lakini haikuwa na kitu. Hakuuliza swali. Hakugombana na mtu. Hakuwahi kumwita mama yake akiwa chumba kingine. Nilisogea nyuma ya mtoto na kupiga makofi. Akageuka. Moyo ukanitulia, mpaka nilipoona kwamba aliyeshtuka kwanza alikuwa kuku, na Tumaini alimtazama kuku. Gervas alimfukuza kuku mpaka nje ya ua. Nikapiga makofi tena, kisha sufuria, kisha nikaita jina lake kwa sauti ya kuita mtu shambani. Mtoto aliendelea kutazama mlango alikotokea kuku.

Mama yake alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Karanga zilianza kuungua na hakuziangalia.

"Mara ya kwanza ulisema anatunga sentensi," nilisema polepole.

"Mlikuja na karatasi," akajibu. "Mimi nimekulia kambini, mwalimu. Aliyekuja na karatasi tulimjibu ndiyo. Ukisema hapana, hujui anaandika nini."

Nimesoma vitabu vingi juu ya mahojiano tangu hapo. Maneno hayo ndiyo ninayoyafundisha.

Hospitali ilimpima masikio, tukaambiwa kwamba anasikia kidogo sana na huenda ilikuwa hivyo tangu kuzaliwa. Dawa haipo, lakini lugha ya alama ipo, na kila mwaka unaopita bila lugha humgharimu. Kasulu kulikuwa na shule yenye kitengo cha watoto viziwi. Mwalimu wake mkuu alitueleza bila kuficha: mabweni ni ya wakubwa tu, Tumaini angeweza kusoma kwa kwenda na kurudi, muhula umeanza, na nafasi iliyobaki ni moja. Isipochukuliwa wiki hiyo angepewa mtoto mwingine aliyekuwa akisubiri. Kutoka Kumsenga hakuna mtoto anayeweza kwenda Kasulu na kurudi kila siku. Ilibidi mtu aishi naye mjini.

Ripoti yetu ilikuwa imekwisha kukamilika, na Daktari Mwakyoma alikwisha kuisifu kwa namna yake, yaani hakuuliza juu ya mbuzi. Tungeweza kuishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza, na nilijua mwaka mmoja ni kitu gani kwa mtoto wa miaka sita. Nilimpigia Filbert.

"Nataka kumpa mtu chumba cha uani."

"Chenye mahindi?"

"Ndiyo."

"Na mahindi yaende wapi?"

"Sebuleni."

"Hicho kitabu chako," alisema, "kina sura ya mtu anayelaza mahindi sebuleni?" Kisha akauliza kama mtoto ana kitanda, maana ana mbao zilizobaki.

Mama Tumaini alikuja Kasulu na mtoto, lakini alikuja kuona tu, na alinieleza hivyo kabla hajaweka mzigo chini. Tulifika kitengoni wakati wa mapumziko. Uwanja ulijaa watoto waliokuwa wakizungumza kwa mikono kwa kasi ambayo macho yangu hayakuiweza, na kelele zao zilikuwa za vicheko na miguu tu. Alisimama nje ya uzio, ameshika kifundo cha mkono wa Tumaini. Binti mmoja alikuja mpaka kwenye waya, akamchunguza mgeni juu mpaka chini, akagusa jino lake mwenyewe la mbele kwa kidole, mara mbili, akawaita wenzake. Wote wakaja, wakagusa meno yao, wakacheka, wakaondoka. Mama Tumaini alikasirika.

"Wanamcheka pengo."

Alikataa njia nzima mpaka nyumbani kwangu. Alisema mjini ana mwenyeji mmoja tu, ambaye ni mimi. Alisema yeye mwenyewe aliwahi kupoteana na mama yake kambini kwa muda mrefu alipokuwa msichana mdogo, kwa sababu mtu fulani mwema alisema huyu akae upande huu, huyu upande ule. "Wewe ni mtu mzuri, mwalimu. Hata yule alikuwa mzuri." Angeondoka kesho yake asubuhi. Sikumbishia. Sura ya kubisha haikuwapo kitabuni, na nadhani ni vizuri.

Tulikula mapema, ugali wa muhogo na maharage, jua likiwa bado uani. Tumaini alikaa kati ya mama yake na Filbert. Katikati ya chakula aliacha kula, akagusa pengo lake kwa kidole, mara mbili, akajigusa kifua. Mama yake alimwinua kidevu.

"Jino linamuuma?"

Alirudia. Jino, jino, kifua. Alimgeukia Filbert akamwonyesha pia, kwa subira, kama anayemfundisha mtu mgumu. Nilimpigia simu mwalimu wa kitengo nikamweleza ninachokiona. Alicheka. Nikafungua spika, nikaweka simu chini kwenye jamvi ili Mama Tumaini asikie mwenyewe: watoto wale hawamwiti mtu kwa jina lake la kanisani, kwa kuwa hawalisikii. Mtu mpya hupewa ishara ya kitu alicho nacho. Wamempa jina. Anawaambieni anaitwa nani.

Mama Tumaini alinawa mkono, akaukausha kwenye kitenge, akasubiri mpaka mtoto alipogeuka kumtazama paka. Kisha akasogea kidogo pembeni, akaingia machoni mwake, akagusa jino lake mwenyewe la mbele, mara mbili. Tumaini aliruka kutoka kwenye jamvi, akapindua bakuli la maharage, akamwangukia kifuani.

"Miaka sita," alisema mama yake juu ya kichwa cha mtoto. "Miaka sita namwita jina asilolijua."

Filbert aliokota maharage moja moja. Kisha Mama Tumaini akauliza, kwa sauti ya mtu wa biashara, "Mwalimu, hapa mjini karanga wanafungia kwenye karatasi au kwenye nailoni?"

"Karatasi," Filbert akajibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwahi mtu kujibu.

Usiku ule mahindi yalihamia sebuleni, na yalikaa huko mpaka msimu uliofuata. Asubuhi Mama Tumaini alimwogesha mtoto, akampaka mafuta mpaka akang'aa, akajitwika ndoo ya karanga, tukaenda. Mwalimu wa kitengo alikuwa mezani na kalamu. Akauliza umri, akauliza kijiji, akauliza nani anaishi naye.

"Mimi mama yake. Tunaishi hapa Kasulu."

"Na anaitwa nani?"

Mama Tumaini alitazama mlangoni, ambako yule binti wa jana alikuwa ameingiza kichwa kuchungulia. Alimgeukia yeye badala ya mwalimu, akagusa jino lake, mara mbili, akauachia mkono wa mwanawe.